Mafundi wa dizeli mnaseti taimingi ya pampu kwa sikio, halafu bili tunalipa sisi!

Wakuu habari zenu. Yangu si nzuri, maana nimetoka kulipa tena kwa tatizo ambalo sikulipeleka mimi gereji. Nililikuta hukohuko.

Gari ni Hilux yenye injini ya dizeli ya Toyota inayoitwa 3L, linanisaidia kupandisha mzigo kutoka Dar kuja Iringa. Halikuwa na shida. Taa ya mkanda ikawaka kwenye dashibodi, nikajua kilomita 100,000 zimetimia, nikalipeleka gereji moja hapa mjini wabadilishe mkanda wa taimingi, ule unaozungusha pampu ya dizeli ifuatane na injini. Basi, sikuagiza kingine.

Likatoka na ugonjwa. Asubuhi ukiwasha, moshi mweupe unajaa uwanja mzima, unanuka dizeli mbichi mpaka macho yanawasha, injini inatetemeka. Likipata moto linatulia kidogo. Sasa njoo mlima Kitonga: gia ya kwanza, Fuso zenye mzigo zinanipigia honi nizipishe, na mshale wa joto unapanda.

Nikarudi kwa fundi. "Bosi, hiyo ni taimingi tu, dakika moja." Yaani ule wakati pampu inaposukuma dizeli kwenye silinda. Akalegeza nati za pampu injini ikiwa inanguruma, akachukua nyundo na kipande cha mbao, akawa anaigonga pampu huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Umesikia hiyo sauti? Imekaa." Laki na nusu! Hakupima kitu. Hakuchora hata mstari kwenye pampu kabla ya kuisogeza ili ajue ilikuwa wapi. Paipu za nozeli (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda) hakuzilegeza, akaisukuma pampu zikiwa zimekazwa, na mbili zimeanza kuvujisha dizeli kwenye nati.

Moshi ukapungua, haukuisha. Wimbo ukabadilika: nozeli zimechoka. Nikanunua nozeli. Hali ileile. Wimbo mwingine: pampu imechoka. Ikashushwa, ikapelekwa kwa watu wa pampu, ikawekwa kwenye mashine, ikabadilishwa sili, ikarudi. Moshi uleule.

Na hapa niseme kitu kwa wenzangu wanaoibiwa kimyakimya. Ile mashine inapima pampu inatoa mafuta kiasi gani kwa kila nozeli, presha ya ndani ikoje, na taima ya ndani, ile inayowahisha mafuta spidi ikipanda, inasogea inavyotakiwa au la. Haijui pampu yako itafungwa vipi kwenye injini. Taimingi ya pampu na injini inapatikana pampu ikishafungwa kwenye gari, si kwenye meza ya mtu. Fundi anayekwambia "imetoka kwenye mashine, taimingi iko sawa" anakudanganya mchana kweupe.

Dereva mwenzangu akanielekeza kwa fundi mmoja Makambako. Yule mzee hata hakuwasha gari. Aliinama akaangalia masikio ya pampu, pale penye matundu marefu yanayoruhusu izungushwe. Nati zilikuwa zimegota mwisho wa tundu. Akaniuliza, "Mkanda ulibadilishwa lini?" Nikamwambia. Akasema, "Pampu ikifika huku ujue kuna mtu alikuwa anafukuza jino." Yaani mkanda umefungwa umeruka jino la puli, na mtu anajaribu kufidia kwa kuzungusha pampu.

Akafungua kava. Mkanda una alama nyeupe za korekta, alizoweka fundi wa kwanza kwa mkono wake. Alama ya kiwandani ya puli ya pampu imepishana jino zima na ile ya kwenye bodi ya injini. Yaani hata pampu iliposhushwa na kurudishwa, jamaa alifuata korekta yake mwenyewe. Alama za kiwanda hakuziangalia!

Mzee akarudisha jino mahali pake, kisha ndipo nikaona kuseti taimingi maana yake nini. Katikati ya zile paipu nne, nyuma ya pampu, kuna bolti ndogo. Akaitoa, akachomeka geji ya mshale inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Akausogeza wenzo wa kuwashia injini ya baridi, akaweka kipande cha chuma cha kama milimita 9 usirudi, kwa sababu injini ikiwa baridi ule wenzo unaiwahisha pampu na kipimo kinakuwa cha uongo. Akarudisha kranki (shafti kuu ya injini) nyuma kutoka topu, yaani pale pistoni inapokuwa juu kabisa, nyuzi kama 25 hadi 30, mshale ukatulia, akaweka sifuri. Akaizungusha mbele taratibu mpaka topu. Akasoma pistoni ya ndani ya pampu imesogea kiasi gani, akalinganisha na kitabu cha injini, akasogeza pampu kidogo sana, akarudia kupima, akakaza. Asubuhi yake hakukuwa na moshi.

Mnaosema "si inasogezwa kidogo tu", sikilizeni. Pampu inazunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili, kwa hiyo ukikosea nyuzi moja kwenye pampu umekosea mbili kwenye kranki. Ukichelewesha, mafuta yanaungua pistoni imeshaanza kushuka: nguvu hakuna, joto linakimbilia kwenye ekzosi, na asubuhi mafuta mengine yanatoka bila kuungua, ndiyo huo moshi mweupe. Ukiwahisha ndiyo hatari zaidi, maana mteja anafurahi! Injini inagonga kavu, inavuta, fundi anasifiwa. Kumbe presha inajaa kwenye silinda pistoni ikiwa bado inapanda. HiAce ya jirani yangu iliondoka gereji kwa mtindo huo, ikaja kulala kwa kuungua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bodi yake. Aliporudi kuuliza akajibiwa kwamba hakuangalia maji.

Na usiniambie geji ni ghali. Geji na adapta yake havifikii bei ya hedi moja iliyopasuka, na hedi mnazibadilisha kila siku kwa pesa zetu.

Nimekwenda gereji ile kudai angalau pesa ya nozeli na ya pampu. Bosi wao ananiangalia usoni: "Lakini mzee, nozeli mpya si unazo?"

Risiti ninazo zote, na picha ya nati zilivyogota nilipiga kabla mzee hajazigusa. Aliyewahi kupeleka dai la namna hii Tume ya Ushindani au mahakama ya mwanzo anieleze alianzia wapi. Na anayemjua fundi mwenye geji kati ya Morogoro na Mbeya amtaje hapa. Wewe wa "mimi naseti kwa sikio tangu zamani na sijawahi kukosea", uzi huu haukuhusu.