Leja ya DOS imekataa kufunguka baada ya kuhamia Windows 11

Karani wa Vipuri:
Hamjambo, wanajukwaa. Ninatunza hesabu katika duka la vipuri vya magari kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na tangu mwaka 1996 madeni ya wateja wetu huandikwa katika programu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa zamani, kabla ya Windows) iliyoundwa kwa FoxPro, zana ya kutengenezea hifadhidata. Kompyuta ya zamani ilikuwa na Windows 10 ya biti 32, nayo programu ilifanya kazi vizuri. Microsoft ilipositisha msaada wa Windows 10 mnamo Oktoba 2025, mwenye duka alinunua kompyuta yenye Windows 11, na sasa kila nikiifungua leja naambiwa kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa hapa. Aliyeiandika ameshafariki, na madeni ya magereji mengi ya mtaa wa Grogan yamo humo tu. Nifanyeje?

Fundi wa Luthuli:
Pole sana, dada. Usihangaike na mipangilio, kwani hakuna ulichokosea. Programu za DOS ni za biti 16, na Windows za biti 32 zilikuwa na sehemu iitwayo NTVDM iliyoziwezesha kufanya kazi. Windows za biti 64 hazina sehemu hiyo, kwa sababu prosesa ikishaingia katika hali ya biti 64 huiacha ile namna ya kujifanya 8086, yaani prosesa ya zamani ya Intel, ambayo NTVDM iliitegemea. Na Windows 11 hutolewa kwa biti 64 pekee. Pakua DOSBox-X, ambayo huigiza kompyuta nzima ya zamani, prosesa ikiwemo, kisha uielekeze kwenye folda ya leja. Ninaipendelea kuliko DOSBox ya kawaida, iliyoundwa kwa ajili ya michezo, kwa kuwa katika DOSBox-X kazi ya kuchapisha pia imezingatiwa.

Mhasibu wa Buruburu:
Ushauri wa Fundi ni sahihi, lakini ninakusihi uanze na data. Nakili folda nzima kwenye flashi mbili kabla ya kufungua chochote. Usichukue faili za DBF, zenye majedwali ya data, peke yake, maana maelezo marefu ya FoxPro hukaa katika faili za FPT, na ukiziacha utabaki na majina na tarakimu bila maelezo yake. Baada ya hapo, LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali, itakufungulia DBF moja kwa moja. Fanyia kazi nakala, nawe uihifadhi kwa jina jingine. Linganisha jumla ya madeni na ripoti ya mwisho mliyochapisha. FoxPro ikifuta deni huliwekea alama tu mpaka itolewe amri ya PACK, inayoliondoa kabisa, kwa hiyo baadhi ya programu zinaweza kukuonyesha deni lililofutwa zamani kana kwamba bado lipo, na kumdai fundi aliyekwisha kulipa ni kumvunjia heshima.

Je, mnaandika kutoka kompyuta mbili kwa wakati mmoja? Ikiwa ndivyo, nisingeiamini DOSBox-X. Ningeweka Windows ya biti 32 yenye leseni ndani ya VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, bila kuiunganisha na intaneti.

Karani wa Vipuri:
Asanteni sana. Tunaandika kutoka kompyuta moja tu. Nilinakili kwanza, kisha leja ikafunguka ndani ya DOSBox-X ikiwa na majina yote. Jumla zimelingana isipokuwa kwa wateja watatu, na kesho asubuhi nitapitia vitabu vya risiti zao kabla ya kumpigia yeyote simu.