Toyota IST ya Japani: nifunge redio gani ili FM zote zishike, na nyaya zinaungwa vipi?

DerevaGoba

Habari zenu wakuu. Gari ni Toyota IST ya 2004, imekuja na redio yake ya Kijapani. FM inaishia 90.0, menyu yote ni maandishi ya kwao, Bluetooth hakuna. Bajeti ni laki tatu. Nataka FM zote za hapa, Bluetooth ambayo nikipiga simu nasikika vizuri, na baadaye kamera ya rivasi.

Nauliza: ile ekspanda ya FM inatosha au nibadilishe redio nzima? Kwenye redio za Android (zile za skrini zinazoweka programu kama simu) niangalie nini nisije nikauziwa mbovu? Na kama nina bisibisi na multimita, naweza kuunga nyaya mwenyewe nyumbani bila kuunguza kitu?

MzeeWaMasafa

Salama mkuu. Nijibu la ekspanda.

FM ya Japani ilikuwa 76 hadi 90 MHz, redio zao mpya zinafika 95. Ya kwetu ni 87.5 hadi 108. Ekspanda unaichomeka katikati ya antena na redio, na kazi yake ni kushusha masafa tu. Ikiwa ni ya kushusha 12, kituo cha 98.0 utakikuta kwenye 86.0. Sasa piga hesabu: redio yako ina nafasi ya MHz 14, vituo vyetu vimetandazwa kwenye MHz 20.5. Haviingii vyote hata ufanyeje. Ya kushusha 12 inakupa 88 hadi 102, na ya kushusha 18 inakupa 94 hadi 108. Anayeitaka aandike kwanza vituo anavyosikiliza, ndipo achague.

Wewe unataka na Bluetooth na kamera, kwa hiyo badilisha redio. Ekspanda inamfaa mwenye redio nzima, nzuri, anayetaka vituo vitatu vinne basi.

Wenye Toyota za redio yenye kadi ya SD ya ramani, msiichomoe ile kadi kuwekea nyimbo. Umeme wa betri ukikatika wakati kadi haipo, redio nyingi za aina hiyo hujifunga na kudai namba ya siri.

FundiDashi

Kabla ya chapa, pima tundu. Redio ya Toyota ya kiwandani ina upana wa milimita 200 na kimo cha 100. Redio za kawaida za dukani zina upana wa 178. Ukiweka ya 178 kwenye tundu la 200 unabaki na pengo la milimita 11 kila upande. Kwa hiyo ama nunua redio iliyotengenezwa kwa Toyota, ya 200 kamili, ama ya 178 pamoja na vipande viwili vya plastiki vya kuziba pembeni. Ni vitu vya bei ndogo, lakini ukivisahau dashi inaonekana kama imeng'olewa jino. Skrini za inchi 9 zinataka fremu ya gari lako hasa, na uangalie isije ikafunika tundu la AC au swichi ya hazadi.

Android: usichukue yenye ramu ya GB 1. Itawaka, lakini ukifungua ramani huku nyimbo zinapiga inaanza kusuasua. Anzia GB 2 na hifadhi ya GB 32. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi wala kwenye ukurasa wa "Kuhusu kifaa", kwa sababu kuna redio ambazo namba hizo zimeandikwa tu. Mwambie muuzaji aiwashe mezani kwa umeme wa volti 12, weka programu ya CPU-Z, soma ramu na prosesa humo. Akikataa kuiwasha, nenda duka la pili.

Kama hutaki ramani wala video, redio ya kawaida ya Pioneer, Kenwood, JVC au Sony yenye Bluetooth ina sauti safi zaidi kuliko Android ya bei hiyohiyo, na inawaka papo hapo. Mimi ningechukua hiyo, ila kwa kuwa unataka kamera, hakikisha ina skrini na tundu la kamera.

"50W x 4" ni nguvu ya kilele. Amplifaya ndogo ya ndani ya redio, kwa umeme wa gari na spika za ohmu 4, inatoa kama wati 15 hadi 22 za kudumu kwa kila spika. Zinatosha spika za mlangoni. Subwufa inataka amplifaya yake.

BintiUmeme

La nyaya nichukue mimi, maana hapa ndipo redio nyingi zinapokufa. Unaweza kufanya mwenyewe, ila usiunge rangi kwa rangi. Nasisitiza.

Kwenye redio ya dukani: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa swichi (ACC), nyeusi ni eathi. Sasa tazama soketi ya Toyota yenye pini 6: kuna waya mwekundu, mweupe, mweusi na wa njano, na yote minne ni ya spika za nyuma! Mtu anakata soketi, anaona nyekundu na njano pande zote mbili, anaunga. Anakuwa ameunga nyaya za umeme za redio kwenye spika. Redio haiwaki, anaanza kujaribu huku na huku, na kabla ya jioni kuna kitu kimeungua.

Mpangilio wa Toyota nyingi za miaka hiyo ni huu. Soketi ya pini 10: buluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni ACC, kahawia ni eathi, kijani ni taa za dashi. Spika za mbele ziko humohumo: kijani mpauko ni chanya ya kulia na buluu ni hasi yake, waridi ni chanya ya kushoto na zambarau ni hasi yake. Soketi ya pini 6: nyekundu chanya na nyeupe hasi ni nyuma kulia, nyeusi chanya na njano hasi ni nyuma kushoto.

Hata hivyo pima. Swichi ikiwa imezimwa, buluu-njano isome kama volti 12.5 na kijivu isome sifuri. Zungusha hadi ACC, kijivu nayo ipande. Spika zipime redio ikiwa imechomolewa: chukua betri ndogo ya AA, gusisha nyaya mbili za spika kwa sekunde moja. Utasikia "tak" mlangoni. Karatasi ya spika ikiruka kuja nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ukigeuza spika moja, redio itapiga tu, lakini besi inapotea pande zote zikipiga pamoja, na watu wengi hulaumu spika.

Usikate nyaya za gari. Nunua adapta ya soketi za Toyota, pini 10 na pini 6, unga adapta na waya wa redio mezani, halafu kwenye gari unachomeka tu. Maungio yachome risasi na uyavishe mpira unaonywea kwa joto. Tepu nyeusi peke yake kwenye joto la dashi ya Dar gundi yake inayeyuka, ukiigusa baada ya miezi michache inateleza na kuacha shaba wazi.

Na hasi ya spika kamwe isiguse bodi wala isiungwe na hasi ya spika nyingine. Kwenye redio za sasa nyaya zote mbili za spika zina kama volti 6. Ukiipeleka eathi, redio inajizima kujikinga, au IC ya sauti (chipu inayosukuma spika) inakufa moja kwa moja.

Kiberiti

Njia fupi: unga nyekundu na njano pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio inapiga hata funguo umechomoa, huhangaiki kutafuta ACC.

BintiUmeme

Hapana ndugu yangu, usimshauri hivyo. Waya mwekundu ndio unaoiambia redio ilale. Android ikibaki macho, hata skrini ikiwa imezimwa, inaweza kula miliampea 300. Kwa siku hiyo ni ampea-saa 7.2. Betri ya ampea-saa 45 ikisimama siku tatu imepoteza karibu nusu, na asubuhi ya nne gari halipigi stata.

Kinyume chake, ukiziunga zote mbili kwenye ACC, kila ukizima gari inasahau saa, vituo na sauti ulizopanga. Kila waya una kazi yake.

DerevaGoba, ukimaliza kufunga pima hivi: toa terminali ya hasi ya betri, weka multimita kwenye tundu la 10A, ncha moja kwenye terminali na nyingine kwenye nguzo ya betri. Funga milango, subiri dakika 15 au 20. Ikisoma chini ya miliampea 50 uko salama. Usiwashe gari multimita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika.

FundiDashi

Kufungua: chomoa terminali ya hasi kwanza. Paneli inayozunguka redio imeshikwa na klipu; tumia kabari ya plastiki, anzia chini, vuta kuja kwako, na uchomoe plagi ya swichi ya hazadi kabla hujaivuta mbali. Redio yenyewe Toyota nyingi huishika kwa bolti nne za namba 10. Vyuma vya pembeni vihamishie kwenye redio mpya, kwa skrubu zilizokuja nayo. Ni za M5, fupi. Ukiweka ndefu kupita milimita 8 inaweza kutoboa hadi kwenye bodi ya ndani.

Kabla ya kurudisha paneli jaribu kila kitu: spika moja moja, FM, Bluetooth, taa za usiku. Kipaza sauti cha nje kiweke juu ya usukani au kwenye nguzo ya kioo, mbali na tundu la AC. Kile cha ndani ya redio ndicho kinachofanya watu wakuambie "upo kisimani?" Antena ya GPS weka juu ya dashi chini ya kioo, siyo nyuma ya redio kwenye vyuma.

DerevaGoba

Nashukuru sana wakuu. Nimepima, rangi ni kama alivyosema BintiUmeme. Nimechukua ya 200, GB 2 na 32. Inawaka na spika zote zinapiga. Shida mbili: FM inakwaruza na vituo vingine havionekani kabisa, na taa ya ndani ya gari haiwaki tena. Kamera nayo nimeinunua.

MzeeWaMasafa

FM ina sababu mbili za kuangalia. Ingia kwenye mipangilio ya redio, sehemu ya eneo. Ikiwa Marekani, inaruka kwa 0.2 na kusimama kwenye desimali witiri tu, 88.1, 88.3, 88.5, kituo cha 88.4 hakipo kwake. Weka Ulaya. Ikikuomba namba ya siri, jaribu 8888 au 126, zinafungua redio nyingi za Android.

Ikibaki kukwaruza, waya wa buluu wa redio wenye maandishi ANT uende kwenye waya wa antena wa soketi ya pini 10. Antena fupi ya paa au ya kwenye kioo ina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12. Bila huo umeme, inakuwa mbaya kuliko kipande cha waya mtupu.

BintiUmeme

Taa ya ndani: angalia fyuzi iliyoandikwa DOME. Kwenye Toyota nyingi umeme wa kudumu wa redio na taa ya ndani vinatumia fyuzi hiyo moja. Lakini umesema redio inawaka, basi angalia kwanza swichi ya taa yenyewe isije ikawa imesogezwa OFF. Redio nayo ikizima kabisa, fyuzi imekatika. Weka ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko, usipandishe. Ikikatika tena kuna waya wa njano unagusa chuma mahali. Kiwashio cha sigara na vioo vya pembeni vikigoma pamoja, hiyo ni fyuzi ya ACC.

Kamera: nyekundu yake kwenye chanya ya taa ya rivasi, nyeusi kwenye bodi. Waya mrefu wa picha una uzi mwembamba mwekundu kila mwisho. Wa nyuma unga pamoja kwenye taa ya rivasi, wa mbele kwenye waya wa redio ulioandikwa BACK au REVERSE. Huo ndio unaobadilisha skrini ukiingiza R. Skrini ikibadilika lakini ikasema hakuna picha, nenda kwenye mipangilio ya kamera ubadilishe kati ya AHD na CVBS (aina mbili za mawimbi ya picha), kamera na redio lazima vikubaliane. Picha ikiwa imegeuzwa kushoto-kulia, kata kitanzi cha waya kilichoandikwa "mirror" kwenye shina la kamera, halafu uvishe kila ncha mpira ili maji ya kuoshea gari yasiingie.