Madume 16, nyasi zinakauka: niuze sasa, ninenepeshe siku 90, au nivute hadi mvua za mwakani?

Mgogo_wa_Kongwa
Wakuu, habari za muda huu. Nina madume 16, mchanganyiko wa zebu na chotara wa Borani, umri kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na ushee. Mvua zimekatika mapema huku Kongwa, Dodoma, majani tayari yana rangi ya kaki. Mnada wa jirani wiki iliyopita nilitajiwa 620,000 kwa dume wa wastani. Mwezi wa tatu dume kama huyo alikuwa anagusa 700,000.

Nina njia tatu kichwani:
1. Niuze wote sasa, kabla kila mtu hajashusha mifugo mnadani.
2. Niwafungie zizini siku 90 na mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa) na pumba, niwapeleke mnada wa Kizota hapa Dodoma au wa Pugu, Dar es Salaam, mwezi wa nane.
3. Niwaache wajitafutie, wakonde kiangazi, wanenepe na mvua, niuze Machi au Aprili.

Taslimu niliyonayo ni milioni 1 na laki 2. Naomba mawazo ya wenye uzoefu, siyo wa kusoma vitabuni.

Bush_Doctor
Uza wote, nunua bodaboda. Haili pumba.

Shemeji_wa_Nzuguni
Njia ya 3 ifute, mkuu. Dume wa kilo 170 akipita kiangazi cha Dodoma bila nyongeza anarudi 150 au chini ya hapo. Mvua ikija anatumia miezi miwili kurudisha alichopoteza. Umelisha karibu mwaka mzima umerudi ulipoanzia, na hapo hujahesabu atakayekufa.

Dalali_Mstaafu
Nimesimama minadani miaka 22, naongea nilichokiona kwa macho. Kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na moja ng'ombe wamekonda na wauzaji ni wengi, mnunuzi anatembea taratibu mikono nyuma. Machi hadi Juni ng'ombe wana mwili na muuzaji hana haraka, mnunuzi ndiye anayekimbia. Sasa hivi upo mwishoni mwa huo wakati mzuri. Na Idi ya kuchinja imekaribia, usiiache ikupite.

Lakini angalia jambo moja ambalo vijana hawalijui. Ng'ombe wa udhhiya, yaani wa kuchinjwa Idi, lazima awe ametimiza miaka miwili, na asiwe kilema, chongo wala aliyekonda akabaki mifupa. Mnunuzi wa Idi anafunua mdomo, anatafuta meno mawili makubwa ya mbele. Nimemwona mtu amesafirisha madume wazuri, wamejaa, wakakataliwa mmoja mmoja kwa sababu bado wana meno ya utoto. Ng'ombe mmoja wanashirikiana watu saba, kwa hiyo wakimpata mwenye sifa bei haiwaumi sana. Wako wangapi wana meno mawili?

Na usiikariri tarehe. Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Waliozoea kunenepesha kwa kalenda ya miaka mitano iliyopita wanafika mnadani sikukuu imeshapita.

Mgogo_wa_Kongwa
Shikamoo mzee. Nimetoka zizini sasa hivi, nimewafunua midomo wote (mmoja kanikanyaga). Wenye meno mawili ni 6. Wa kati 7, na 3 ni wadogo kabisa.

Mama_Pumba
Kaka, tushike kalamu tupige hesabu. Nimenenepesha mara nne, mara mbili nimepata, mara moja nimetoka sare, mara moja nimelia. Kilichonifanya nilie haikuwa bei ya soko.

Chukua dume wako wa kilo 170 kwa 620,000. Hiyo ni kama 3,650 kwa kilo ya ng'ombe hai. Umlishe kilo 3 za kununua kwa siku, mabua na majani makavu yawe nyongeza juu ya hizo. Mchanganyiko wa mashudu na pumba ukikupata kwa wastani wa 500 kwa kilo, siku 90 ni 135,000. Dawa ya minyoo, kuogesha, chanjo: weka 10,000. Mchungaji wa laki na nusu kwa mwezi, miezi mitatu, ukigawa kwa ng'ombe 16 ni kama 28,000. Jumla 173,000. Ongeza kwenye 620,000 ambazo ungezishika leo, unapata 793,000. Chini ya hapo umekula hasara.

Sasa swali: atakuwa na kilo ngapi? Akiongeza nusu kilo na kidogo, tuseme gramu 600 kwa siku, anafika 224. Unahitaji 3,540 kwa kilo ili usipoteze. Leo ni 3,650. Yaani bei ikishuka kwa asilimia 3 tu, faida imeyeyuka.
Akiongeza gramu 800 anafika 242, na unahitaji 3,280 tu. Hapo soko likitikisika bado unapumua.
Akiongeza gramu 400 anafika 206, unahitaji 3,850. Hapo hata soko likisimama palepale umeumia.

Umeona? Wote mnaulizana Pugu itakuwaje mwezi wa nane. Pugu huiwezi. Hizo gramu unaziweza kidogo.

Shemeji_wa_Nzuguni
Mama, mchungaji mtoe. Atamlipa hata asiponenepesha, ana ng'ombe wengine.

Mama_Pumba
Kweli kabisa, nimekubali. Ukimtoa, mstari wa kutokula hasara unashuka hadi 765,000, ambayo ni kama 3,415 kwa kilo kwa yule wa gramu 600. Kuna nafasi zaidi, lakini bado ni nyembamba.

Olkejuado
Salamu kutoka Kajiado, Kenya. Hapa kwetu mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Mimi nilikuwa na ndume 30, nikasema sitauza kwa bei ya kutupa, nitangoja. Nilinunua nyasi ya boma (majani makavu ya kulishia), bei ya bunda ikapanda karibu kila wiki. Wale wa mwisho niliuza wakiwa hawawezi kupanda lori wenyewe, tuliwabeba. Jirani yangu aliuza nusu mapema, watu wakamcheka, na pesa yake ndiyo ilinunulia waliobaki chakula. Kama huna chakula ghalani leo, wewe huna njia ya pili, ndugu yangu.

Mtaalam_wa_Malisho
Naongezea la Mama Pumba. Gramu hizo hazitoki kwenye pumba peke yake, zinatoka kwa mnyama mwenyewe. Dume mwenye fremu pana, mfupa umekamilika, lakini amekonda kwa njaa tu, ukimpa dawa ya minyoo na mashudu anajaza haraka sana. Mdogo bado anajenga mifupa, chakula chako cha bei kinakwenda kwenye urefu. Ndiyo maana wanenepeshaji wa Shinyanga na Mwanza, wanaotegemea mashudu ya pamba, huwa wanachagua dume mzima aliyepauka na kukonda, ndama wanamwacha.

Wapime. Kamba ya fundi cherehani inatosha: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uuzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa mwili kutoka bega hadi mfupa wa nyonga wa nyuma, ugawe kwa 10,840. Kifua sentimita 128 na urefu 112 ni kama kilo 169. Siyo mzani, inakosea kilo kadhaa, ila inashinda macho ya dalali (samahani mzee).

Mashudu usiyaanze kwa pupa. Wiki mbili za kuzoesha, kidogokidogo, la sivyo matumbo yatavimba. Maji yawepo siku nzima.

Dalali_Mstaafu
Hujanikosea, macho ya dalali ndiyo yaliyonijengea nyumba.

Kijana_wa_Fuso
Hakuna aliyegusa njia ya barabarani. Dodoma hadi Pugu ni kama kilomita 450. Ng'ombe anasimama usiku kucha, anajisaidia, hali, hanywi. Dume wa 224 akipoteza hata asilimia 6 amedondosha kilo 13 njiani, na ukifika Pugu usiku unalipia malisho na unangoja. Kwa ng'ombe wanne watano Kizota inatosha. Pugu nenda na lori lililojaa, au ungana na wenzako.

Ndigana
Na karantini? Mwaka mmoja nilikuwa na maksai 11 wamekamilika, nimebakiza wiki moja. Ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia wilaya ya jirani, mnada ukafungwa, vibali vya kusafirisha vikasimama. Wiki tano. Ng'ombe aliyekwisha kunenepa anaendelea kula vilevile lakini haongezi kitu cha maana. Nililisha faida yangu yote kwa mdomo wao wenyewe. Tangu hapo natenga chakula cha siku 30 za ziada, na nikishindwa kukitenga sianzi.

Mgogo_wa_Kongwa
Asanteni sana. Nimewapima wote, nimekaa na mama watoto, tumefika hapa.

Wenye meno mawili 6: watatu tayari wana mwili, hao nawauza kwa ajili ya Idi. Watatu wana fremu kubwa lakini mbavu zinahesabika, hao nawafungia. Kwenye wa kati 7, sita nawapeleka mnada wa hapa wiki hii, mmoja mwenye kifua kipana naye nafungia. Wadogo 3 watafuata ng'ombe wa maziwa, nitawavusha na mabua ya shamba langu. Kwa hiyo nauza 9, nanenepesha 4, nasubirisha 3. Ng'ombe wanne kwa siku 120, ukiwemo mwezi wa Ndigana, chakula chao taslimu yangu inakimudu bila kukopa.

Mama_Pumba
Wanne siyo mbaya. Ila huyo wa kati mimi ningemuuza.

Mgogo_wa_Kongwa
Mrejesho, siku 30 baadaye. Watatu wa Idi walikwenda kwa 780,000, 760,000 na 715,000. Huyo wa mwisho alikuwa na jicho lenye ukungu, wanunuzi wa Idi wakamkwepa, akachukuliwa na mchinjaji wa bucha. Wale sita wa kati wastani 605,000. Wiki mbili baadaye mnada uleule ukawa unasema 570,000.

Zizini nimepima jana kwa kamba ileile, asubuhi kabla hawajanywa maji. Wenye meno mawili wameongeza wastani wa kilo 22. Wa kati ameongeza 9, na anakula sawa na wenzake. Mama Pumba ulisema. Jumamosi anapanda kwenda mnadani.

Mama_Pumba
Mpe maji asubuhi, usimpeleke na kiu.