Ukoo wa Mzee Athumani: boksi la picha limegoma kuwaka

JUMAPILI

20:04 Zuhura: Assalaam aleykum wote. Shangazi shikamoo. Umeme ulikatika hapa Ngamiani toka saa tisa, ndiyo kwanza umerudi. Boksi la picha, ile kompyuta inayotunza picha na sauti zetu zote, nimeliwasha, taa ya kijani inawaka, feni inazunguka, lakini kwenye TV folda la Baba halionekani. Kaka Nassor upo?

20:06 Shangazi Mwanaisha: Waaleykum salaam, marahaba mwanangu. Na ile sauti ya kaka yangu si imo humo?

20:07 Zuhura: Imo humo Shangazi. Ile ya 2019, anapotaja majina ya wazee wa Pangani mmoja mmoja. Mama kaniambia leo mchana anataka isikilizwe Ijumaa kwenye hitma.

20:09 Shem Baba Rehema: Poleni sana. Shem Zuhura, fungua boksi utoe diski moja, ichomeke kwenye laptopu ya Kassim. Picha zote mtaziona.

20:09 Nassor Muscat: Shem nakuomba, na wote mnaosoma, asifungue mtu boksi. Naandika, nipeni dakika moja.

20:12 Nassor Muscat: Diski zile zimepangwa kwa mfumo unaoitwa XFS. Windows haiufahamu. Ukiichomeka kwenye laptopu inaweza kukuambia diski haisomeki, unataka kuifomati, yaani kuifuta yote? Mtu akibonyeza ndiyo kwa haraka, basi. Harusi ya Rukia, Mama akiwa Makka, Baba na ngalawa yake, hatuna tena. Ndiyo maana nasema tusiziguse diski kabisa.

20:12 Nassor Muscat: Tena boksi lile haliwaki kwa diski. Linawaka kwa ile flashi ndogo nyeusi iliyochomekwa nyuma. Ndani yake kuna Unraid, ndiyo programu inayoendesha boksi. Flashi ni ufunguo, mali iko ndani ya nyumba. Ufunguo ukigoma hatubomoi ukuta.

20:13 Shem Baba Rehema: Nimekuelewa shemeji. Nilidhani ni kama kompyuta za kawaida.

20:14 Zuhura: Nifanye nini sasa?

20:14 Nassor Muscat: Tunataka kuona linasema nini. Chomoa waya wa HDMI kwenye king'amuzi, uchomeke nyuma ya boksi. Kibodi ya Kassim ichomeke pia. Halafu zima boksi kwa kushikilia kitufe mpaka taa izimike, washa tena, nipige picha ya TV.

20:23 Zuhura: [picha]

20:23 Zuhura: Kioo cheusi, maandishi meupe mstari mmoja. Linasema liwekewe diski ya kuwashia halafu nibonyeze kitufe.

20:25 Nassor Muscat: Vizuri, limesema kitu. Hayo maneno ni ya baiosi, programu ya bodi inayoamka kabla ya zote, bado hatujafika kwenye Unraid. Imetafuta pa kuanzia haikupata. Ama flashi imekufa, ama ipo lakini haiangaliwi. Zima tena, washa, na mara tu likiwaka uguse Delete mfululizo usiache.

20:30 Zuhura: Limeingia. Ukurasa wa bluu na kijivu.

20:30 Nassor Muscat: Usibadilishe kitu. Nisomee tarehe na saa.

20:31 Zuhura: Tarehe ya leo. Saa 20:31. Ni sawasawa.

20:32 Nassor Muscat: Alhamdulillahi. Basi betri ya bodi ni nzima, ile ya duara kama ya saa, CR2032. Ingekuwa imekwisha, umeme ukikatika tu tarehe inarudi miaka nyuma na mipangilio inaweza kufutika. Hilo tumeliondoa. Nenda penye neno Boot, unisomee kilicho namba moja.

20:34 Zuhura: Namba moja imeandikwa ST4000 halafu namba nyingine ndefu.

20:34 Nassor Muscat: Hapo hapo. Hiyo ni diski ya picha. Linajaribu kuanzia kwenye diski ambayo haina cha kuanzishia.

20:36 Nassor Muscat: Baiosi za namna hii flashi haziiti flashi, zinaihesabu pamoja na diski. Shuka mpaka penye orodha ya diski, gonga Enter, itafunguka orodha ndogo. SanDisk, ndiyo flashi yetu, imo?

20:37 Zuhura: Imo, ya nne, mwisho kabisa.

20:37 Nassor Muscat: Basi flashi haijafa, baiosi inaiona. Ipandishe kwa kitufe cha kujumlisha mpaka iwe ya kwanza. Halafu F10, Enter.

20:38 Nassor Muscat: Ila nina swali. Orodha ile niliipanga mwenyewe nilipokuja Ramadhani. Flashi ikihamishwa tundu, baiosi nyingi zinaiona ngeni, zinairudisha mwisho wa foleni. Hebu chungulia nyuma. Imechomekwa tundu la rangi gani?

20:41 Zuhura: La bluu, la juu.

20:41 Nassor Muscat: Mimi niliichomeka jeusi, la chini.

20:42 Rukia: Salaam jamani, nimechelewa, nilikuwa nalaza watoto. Kwani kuna mtu kaigusa?

20:44 Zuhura: Linawaka! Imekuja menyu imeandikwa Unraid, inahesabu sekunde, sasa maandishi yanapita mengi.

20:44 Shangazi Mwanaisha: Allahu akbar

20:47 Zuhura: Limesimama. Inasema inasubiri hadi sekunde 30 kifaa chenye jina UNRAID kijitokeze. Sekunde zimepita, hakuna kilichotokea.

20:48 Nassor Muscat: Zima. Hamisha flashi iende tundu jeusi la chini, washa upya. Wakati mwingine matundu ya bluu yanachelewa kuamka. Ukihamisha, rudi kwanza kwenye baiosi uhakikishe SanDisk bado ni ya kwanza.

20:57 Zuhura: Nimehamisha, SanDisk nimeiweka ya kwanza tena. Yale yale. Inasubiri UNRAID.

20:59 Nassor Muscat: Basi si tundu. Nieleze maana yote tuwe pamoja. Kuwaka kwake kuna hatua mbili. Ya kwanza baiosi inasoma flashi na kuingiza Unraid kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika boksi likizimwa. Hatua hiyo haijali flashi inaitwaje, ndiyo maana menyu imekuja. Ya pili, Unraid yenyewe sasa iko macho, inaitafuta flashi yake tena ili isome mipangilio yetu, na inaitafuta kwa JINA. Jina ni UNRAID, herufi kubwa zote. Isipolipata hata ikiwa imechomekwa mbele yake haiioni.

20:59 Nassor Muscat: Kwa hiyo ama flashi ina hitilafu, ama jina lake limebadilishwa.

21:06 Kassim: Mjomba shikamoo. Bibi shikamoo. Nilikuwa nasoma tangu mwanzo. Ni mimi.

21:08 Kassim: Alhamisi nilikuwa napeleka ripoti ya mafunzo kwa vitendo steshenari ikachapishwe, flashi yangu sikuiona, nikachomoa hiyo. Boksi liliendelea kuwaka na TV ikawa inaonyesha picha kama kawaida, nikajua haina kazi. Nilipoichomeka kwenye laptopu nikaibadilisha jina nikaiita KASSIM nisiipoteze. Jioni nikairudisha tundu lililokuwa karibu. Nisamehe Mama, nisameheni wote.

21:09 Zuhura: Kassim mwanangu. Na mimi tangu saa mbili nahangaika na mawaya mbele yako.

21:11 Nassor Muscat: Marahaba Kassim. Umesema, na umetuokolea usiku mzima wa kukisia. Na kosa ni langu pia, sikukuambia ile ni nini. Uliona boksi halikuzimika kwa sababu Unraid yote hukaa kwenye RAM. Ukiichomoa flashi linaendelea siku nyingi tu, mpaka litakapozimwa. Leo umeme umekatika ndipo lilipouhitaji ufunguo wake.

21:12 Shangazi Mwanaisha: Marahaba mjukuu wangu. Sasa lirudishe jina la watu.

21:13 Nassor Muscat: Subiri kwanza Kassim. Steshenari waliichomeka kwenye kompyuta yao?

21:13 Kassim: Ndiyo Mjomba. Iliporudi mafolda yote yaligeuka shotikati.

21:16 Nassor Muscat: Nilikihofia hicho. Ni virusi vya kawaida vya steshenari. Vinayaficha mafolda ya kweli, vinaweka shotikati zenye majina yale yale, ukibonyeza shotikati unavikaribisha kwenye mashine yako. Fanya hivi, pole pole:

21:18 Nassor Muscat: Zima boksi, chomoa flashi, chomeka kwenye laptopu. Windows ikikuuliza lolote kuhusu kufomati, hapana. USIBONYEZE shotikati hata moja. Fungua menyu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Utaona folda la kweli la config, limefifia rangi. Linakili lote kwenye laptopu kabla hujafanya jingine.

21:19 Nassor Muscat: Hilo ndilo folda lenye thamani. Ndani kuna super.dat, faili dogo linalokumbuka diski ipi ni ya data na ipi ni ya pariti, yaani ya kinga, inayosaidia kurudisha data diski nyingine ikifa. Na kuna faili linaloishia .key, ndiyo leseni, imefungwa kwenye namba ya flashi hiyo hiyo. Ndiyo maana sikukuambia mkanunue mpya.

21:27 Kassim: Nimenakili. super.dat ipo. .key ipo.

21:27 Nassor Muscat: Moyo umerudi mahali pake. Tungepoteza super.dat halafu mtu akapanga diski kwa kukisia, diski ya picha ikikaa nafasi ya pariti inaandikwa juu yake yote. Kuna karatasi nimeibandika ubavuni mwa boksi yenye namba za diski, isibanduliwe.

21:29 Nassor Muscat: Sasa futa shotikati zote, chagua bila kufungua. Kukiwa na autorun.inf, faili ambalo virusi hulitumia kujianzisha, futa. Utaona na ldlinux.sys imefichwa, hiyo ni yetu, ndiyo inayoanzisha boksi, iache ilivyo. Kisha piga antivirusi kwenye flashi na kwenye laptopu.

21:46 Kassim: Imekamata vitu viwili, nimevifuta. ldlinux.sys ipo. Nibadilishe jina?

21:46 Nassor Muscat: Badilisha. UNRAID. Herufi kubwa, bila nafasi mwisho. Halafu itoe kwa kubonyeza eject, usiinyofoe.

21:50 Rukia: Mama ameuliza kwa simu, nimwambieje?

21:50 Zuhura: Mwambie bado tunajaribu. Nisije nikampa tumaini halafu likakataa.

21:58 Zuhura: Baiosi nimeikagua, SanDisk ya kwanza. Maandishi yanapita. Imepita pale pa sekunde 30 bila kusimama. Imefika mahali imeandika Tower na inaomba kuingia.

21:59 Nassor Muscat: HAPO! Tower ndiyo jina la boksi. Kassim, kwenye laptopu fungua ukurasa wake. Kila diski ina alama ya kijani?

22:02 Kassim: Zote tatu za kijani Mjomba. Juu imeandika inakagua pariti, zimebaki saa 9 na dakika kama 20.

22:03 Nassor Muscat: Ni sawa. Linajua halikuzimwa kwa adabu, linajikagua lenyewe. Diski za 4TB zinachukua usiku kucha. Linaweza kutumika huku linakagua, ila msilizime. Zuhura, nenda folda la Baba.

22:09 Zuhura: Ipo. Ipo kaka. Nimeifungua kidogo tu nimesikia "Bismillahi" yake nikaifunga, nimeshindwa.

22:10 Nassor Muscat: Itume humu sasa hivi dada. Nakala ya sauti hiyo iko moja tu duniani, na hilo nililiacha kwa uzembe wa kungojea intaneti nzuri. Kila mmoja aihifadhi kwenye simu yake usiku huu.

22:24 Zuhura: [faili la sauti 47:12]

22:25 Rukia: Nimeshusha. Nimempigia Mama, kalia, kasema Kassim asigombezwe.

22:26 Shem Baba Rehema: Nimehifadhi na ofisini nitahifadhi. Shemeji Nassor, UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya boksi na rauta nitaituma kwa basi wiki hii, hiyo niachieni mimi.

22:27 Nassor Muscat: Allah akulipe shem. Kassim, lile folda la config ulilonakili nitumie kwa barua pepe, na moja lihifadhi wewe. Kila tukibadilisha kitu kwenye boksi unachukua nakala mpya. Kazi hiyo ni yako kuanzia leo.

22:28 Kassim: Sawa Mjomba. Na flashi ya kuchapishia kesho nanunua yangu.

23:14 Shangazi Mwanaisha: Nimesikiliza mpaka mwisho. Kwenye dakika ya thelathini na ngapi hivi anasita anamtafuta mama yake Bi Mwanahamisi, mnasikia kikombe chake kinagonga kisahani, kisha anamkumbuka. Kile kikombe ninacho mimi. Ijumaa nakuja nacho.

23:16 Zuhura: Njoo nacho Shangazi.

23:41 Zuhura: Imefika asilimia 17. King'amuzi nimekirudishia waya wake. Flashi nimeizungushia selotepu nyekundu, Kassim kaandika juu yake kwa kalamu: YA BOKSI LA BABU, ISICHOMOLEWE.