Robat Karim haijapoteza watu, acheni kupotosha takwimu!

Wakuu, hili limezidi. Jedwali lile lile linazungushwa kila kukicha: wilaya ya Robat Karim, mkoa wa Tehran, Iran, sensa ya 2006 watu zaidi ya 600,000, sensa ya 2016 watu kama 290,000. Kisha mtu anaandika kwa kujiamini kabisa kwamba nusu ya wakazi wamehama. Wamehamia wapi? Kilichohama ni mpaka!

Kabla ya sensa ya 2011 wilaya hiyo ilimegwa, ikazaliwa Baharestan, makao makuu Nasimshahr. Na upande uliomegwa ndio uliokuwa umejaa watu. Mwaka 2016 Baharestan peke yake ilikuwa na watu wapatao 536,000. Jumlisha na wale wa Robat Karim, unavuka 820,000. Eneo la zamani limeongeza zaidi ya watu 200,000 kwa miaka kumi, nyie mnatangaza anguko! Bei za nyumba za Tehran zinawasukuma watu huko, na Parand, mji mpya ulio ndani ya Robat Karim, ulipokea nyumba nyingi za mpango wa serikali wa Mehr.

Halafu kuna hili la kuhesabu watu mara mbili, linakera zaidi. Shahrestan (wilaya) hugawanywa katika bakhsh (tarafa), na kila bakhsh ina miji yake pamoja na dehestan, yaani kata za vijijini. Mji tayari umo kwenye jumla ya tarafa. Ukijumlisha tarafa zote kisha ukaiongeza Parand, umeingiza watu kama 97,000 wa bure. Na kijiji kikipandishwa hadhi kuwa mji, dehestan yake hupungua ghafla bila mtu hata mmoja kufungasha mizigo. Msiseme vijiji vinakufa kabla hamjaangalia hilo.

Msidhani pia kwamba makao makuu lazima yawe mji mkubwa kuliko yote. Golestan, ndani ya Baharestan hiyo hiyo, ilikuwa na watu kama 239,000 mwaka 2016. Nasimshahr kama 200,000.

Mwaka 1385 wa Kiirani ni sensa ya 2006, 1390 ni 2011, 1395 ni 2016. Hiyo ni miaka mitano mitano, kwa hiyo msigawanye ongezeko kwa kumi mkilinganisha sensa mbili zinazofuatana. Chagueni mipaka ya mwaka mmoja, jumlisheni wilaya zilizotokana na ile ya zamani, ndipo mtafute asilimia. Aliyebandika jedwali lile alirekebishe au aliondoe.