Buldogi wa miaka 4 kahamia kwetu Mbeya: banda la nje, stoo au sebuleni?

Baba Wawili (Forest Mpya, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya waliowahi kufuga, siyo ya kusimuliwa.

Bosi wangu wa zamani kahamishiwa nje ya nchi, kaniachia buldogi wake. Dume, miaka 4, kilo 26, jina Bruno. Nimemfuata Dar mwenyewe. Hapa nyumbani tuko mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 5 na 9, mama yangu mzazi, na Simba, mbwa wetu wa kienyeji ambaye huu ni mwaka wake wa sita kulinda geti.

Leo siku ya nne. Bruno kajibanza nyuma ya simtanki, chakula anakionja tu na kukiacha, usiku anakoroma mpaka mama anadhani kuna mtu anakabwa. Simba akimwona, manyoya ya mgongo yote yanasimama.

Ushauri nilioupata ni wa aina tatu. Jirani anasema nimfungie bandani mchana kutwa, usiku nimwachie, wiki mbili atakuwa ameshika harufu ya mji. Mke wangu anataka alale sebuleni kwa sababu huko kwa bosi ndiko alikolala. Mimi nawaza stoo ya nyuma, ina dirisha na mlango wake unatazamana na jiko. Mama hataki kusikia habari ya mbwa ndani, iwe sebule iwe stoo.

Kipi ni kipi? Na Simba nimkutanishe naye vipi?

Kijana wa Sae

Mkuu unajipa kazi bure. Mbwa ni mbwa. Mfunge mnyororo chini ya mparachichi, njaa ikimshika atakula. Wangu nilimtoa Kyela nikamfanya hivyohivyo, siku tatu akawa mwenyeji na anabweka mpaka bodaboda wanapunguza mwendo.

Mama Parachichi (Tukuyu)

Wewe Kijana, wako wa Kyela ana pua ndefu na kifua chepesi. Usilinganishe na huyo.

Baba Wawili, mimi nina jike la aina hiyo, nilimpokea akiwa na miaka 5 kutoka kwa familia iliyokuwa inarudi kwao. Sehemu zote tatu unazotaja nimezipitia, kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Banda nilianza nalo, kwa sababu ndivyo tunavyofuga huku. Banda la mabanzi, bati juu, mvua ya Tukuyu unaijua. Siku ya pili alikuwa anatetemeka. Manyoya yake ni mafupi mno, na unyevu ulimwingia kwenye mikunjo ya uso pakawa pekundu na harufu juu. Lakini lililoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa anakwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Mbwa aliyeishi na watu miaka mitano, ukimtoa machoni pa watu, anajua ametupwa mara ya pili.

Nikaona huruma, nikamhamishia sebuleni. Nayo ikashindikana, kwa sababu nyingine kabisa. Kwangu sebule ni njia: watoto wa jirani, televisheni, wageni wa jumuiya siku ya Alhamisi. Hakupata usingizi. Mtoto mmoja alimwinamia akiwa amelala, akashtuka akakunja mdomo. Hakumng'ata, ila alikuwa karibu.

Nilikoishia ni kibaraza cha nyuma nilichokiziba kwa mabanzi na turubai, kinatazama jikoni. Anatuona tukipika, anatusikia, lakini hakuna anayemruka wala kumgusa. Hapo ndipo alipokula sahani nzima kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mimi kura yangu ni stoo yako, ila mlango uwe wazi na katikati uweke kizuizi cha magotini. Stoo iliyofungwa mlango ni banda tu lenye ukuta wa tofali.

Dereva Masafa

Kabla hamjafika mbali. Ulimleta saa ngapi, na kwa gari gani?

Baba Wawili

Nilitoka Dar saa 12 asubuhi, gari dogo, kiyoyozi kibovu. Kuanzia Mikumi alikuwa anahema ulimi wote nje. Ruaha Mbuyuni nilisimama nikammwagia maji.

Dereva Masafa

Basi hapo ndipo siku zako nne zilipoanzia. Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni mchana ni tanuri, hata sisi tulio kwenye kabini ya lori tunavua mashati. Unakuja kupanda Kitonga injini inachemka, na mbwa wa pua fupi anachemka kabla ya injini. Halafu saa chache baadaye yuko Makambako kwenye upepo wa baridi. Zaidi ya kilomita 800 kwa siku moja. Mbwa wa hivyo anasafirishwa usiku, saa 10 alfajiri awe ameshapanda mlima. Mpe siku za kupumzika kabla hujasema ana tabia fulani.

Afisa Mifugo Mstaafu (Makambako)

Dereva amesema kweli. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Buldogi ana matundu ya pua membamba na kaakaa laini refu linaloziba koo, kwa hiyo hewa inayoingia ni kidogo na kazi ya kuhema yenyewe inamwongezea joto. Kukoroma usingizini kwake ni kawaida. Kisicho kawaida ni kuhema kwa nguvu akiwa ametulia kwenye baridi, au fizi na ulimi kuwa na rangi ya bluu au kijivu. Ukiona hivyo usiandike jukwaani, mpeleke kwa daktari usiku huohuo.

Kabla ya swali la alale wapi, fanya haya. Mfunue mdomo uone fizi. Zikiwa nyeupe na mkojo una rangi ya kahawa, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe, na kutokula kunaweza kuwa ndiko kunakotokana nayo, siyo upweke. Mkague katikati ya vidole na ndani ya masikio. Mpigie bosi wako akutumie picha ya kadi ya chanjo: kichaa cha mbwa ilichomwa lini, na ile ya mchanganyiko inayokinga magonjwa ya mbwa ya parvo na distempa ilichomwa lini. Kama kadi haieleweki, usimkaribishe kwa Simba mpaka wote wawili wachanjwe. Chanjo ya kichaa si ya kubahatisha katika nyumba yenye watoto. Na akimparura mtoto kwa jino hata kidogo, osheni kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Mikunjo ya uso ifute kila siku kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, kisha KAUSHA. Watu wanafuta wanaacha mbichi, hapo ndipo vidonda vinapoanza. Angalia pia chini ya mkia, wengi wana kishimo pale kinachooza bila mwenye mbwa kujua. Naomba sana asije mtu hapa akamshauri oili chafu, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe ya kukadiria kwa kifuniko.

Kijana wa Sae

Sawa mzee, shikamoo. Lakini swali langu liko palepale, mbwa wa kulazwa ndani atalinda nini?

Afisa Mifugo Mstaafu (Makambako)

Marahaba. Halindi. Uingereza mbwa hawa walikuwa wa kupambanishwa na madume ya ng'ombe, mchezo ukapigwa marufuku mwaka 1835, na tangu hapo wamezalishwa kwa ajili ya kukaa na watu. Sura ndiyo imebaki ya vita. Ukimtaka wa kulinda, Baba Wawili tayari anaye Simba.

Kamwene (Iringa)

Kamwene wakuu. Najua mtu wa Iringa akitia neno kwenye mada ya mbwa mnaanza kucheka, utani wenu tumeshauzoea, endeleeni.

Mimi nizungumzie Simba, maana hapo ndipo wengi tunapoharibu. Kuna wanaosema waachie wote uani wamalizane wenyewe. Nilifanya hivyo, nikalipa nyuzi kumi na moja za sikio. Shida ya buldogi ni kwamba mbwa mwenzake hamsomi. Uso umejikunja muda wote kama amekasirika, pumzi zinasikika kama anaunguruma, na mkia wa kutikisa hana. Simba wako anaona mgeni mwenye hasira kaingia kwake, basi anajihami.

Wengine wanatenga kwa wavu wa kuku, wiki nzima wanatazamana. Ni afadhali, lakini mbwa wa getini anaweza kutumia wiki hiyo nzima kubweka na kujazana hasira. Kilichonisaidia mara ya pili ni kuwatoa wote nje ya geti, pasipo pa mmoja wao. Watu wawili, kila mtu na mbwa wake, mnatembea mnaelekea upande mmoja, kati yenu upana wa barabara. Msiwakutanishe uso kwa uso. Siku ya tatu au ya nne mnapunguza nafasi. Wakirudi wanaingia getini pamoja, hakuna anayemkuta mwenzake ndani. Mabakuli ya chakula yawe mbali, na asubuhi Simba apewe kwanza, yeye ndiye mwenyeji.

Bruno usimvute kwa kola ya shingo, hewa yenyewe anaitafuta. Fundi viatu yeyote pale Mwanjelwa atakushonea mkanda wa kifuani. Tembeeni saa 12 asubuhi au jua likishazama. Hata Mbeya jua la saa 7 mchana mwezi wa kumi si la kwake.

Baba Wawili

Asanteni sana. Kadi nimetumiwa, chanjo zote ziko ndani ya muda. Fizi zina rangi ya waridi ya kawaida, kupe nimetoa wawili sikioni. Kesho daktari anakuja kumwangalia.

Jambo jingine, mnaweza kucheka. Mama akimwambia "njoo", mbwa anamtazama kama yeye ndiye mgeni. Anaelewa Kiingereza tu. Nimbadilishie na jina?

Mama Parachichi (Tukuyu)

Jina muachie. Kapoteza watu, nyumba na hali ya hewa, abaki na kitu kimoja. Amri zifundishe kwa Kiswahili taratibu: sema neno analolijua, papo hapo la kwetu, mpe kipande cha nyama. Wote nyumbani mtumie neno moja. Wangu alichanganyikiwa kwa sababu mimi nasema "kaa", bibi anasema "tulia", watoto wanapiga mluzi.

Na chakula kadhalika. Alikuwa anakula nini Dar? Kama ni cha mfuko, usimwekee ugali wa dona na dagaa ghafla ukashangaa anahara. Changanya, uongeze cha kwetu kidogokidogo kwa siku saba mpaka kumi. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu hapana, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Kokwa za parachichi zifagie zote, zinamkaba.

Dada wa Mafinga

Mimi natetea sebule jamani, mnaionea. Wangu, siyo buldogi lakini naye alikuja mkubwa, alitulia kwa sababu usiku alisikia watu wanapumua karibu. Kama nyumba haina wageni wengi na watoto wanasikia, sebule inamaliza kazi haraka kuliko stoo. Kwa Baba Wawili nakubali haifai, maana mama yake mzazi hataki, na mbwa anayefukuzwa na mmoja na kukaribishwa na mwingine hatajua asimame wapi.

Onyo moja la stoo. Tunaingia Juni, baridi mnaijua. Msimwekee jiko la mkaa eti apate joto. Lile linaloua watu vyumbani linaua na mbwa. Mpandishe kwenye chaga asilalie sementi, gunia la majani makavu na blanketi kuukuu, yatosha.

Baba Wawili

MREJESHO, siku ya kumi na tatu.

Tuliamua stoo, mlango wazi, ubao wa magotini. Mama alikubali kwa sharti kwamba ubao usivukwe. Nilimtandikia fulana niliyoivaa siku mbili bila kufua. Watoto niliwapa sheria moja tu, akiwa kwenye chaga lake hakuna kumgusa wala kumwita. Wa miaka 5 alikuwa anakaa chini upande wa pili wa ubao anamhesabia vidole. Siku ya saba Bruno aliweka kidevu juu ya ubao. Sahani anamaliza sasa.

Na Simba tunatembea asubuhi kuelekea njia ya Loleza, mimi na kijana wa jirani. Mara ya kwanza ilikuwa aibu, mtaa mzima ulisikia. Jana walinusa nyasi ileile. Uani bado siwaachi peke yao.

Kamwene (Iringa)

Usiwaache kwanza. Mwezi mzima bado ni ugeni, na wengine huanza kuonyesha tabia zao halisi wakishajisikia nyumbani. Hasa chakula kikimwagika chini.

Baba Wawili

Mrejesho wa wiki ya saba. Kamwene ulisema. Wiki ya tano waligombea mfupa uliodondoka kwenye jalala, Bruno ana mkwaruzo puani, Simba hana kitu. Mabakuli sasa yako pande mbili za nyumba na mifupa nimeipiga marufuku.

Mengine yanaenda. Ubao tuliutoa wenyewe, hauna kazi. Asubuhi mama akikaa jikoni kuchambua maharage, Bruno analala miguuni pake na kukoroma. Mama anasema yeye hajamwita.

Kijana wa Sae

Na mwizi je?

Baba Wawili

Juzi usiku kuna mtu aligusa geti. Simba kabweka mtaa mzima ukaamka. Nikachungulia stoo kwa tochi, Bruno kafungua jicho moja, kalifunga.