Nataka kuchangia psutil, nianzie wapi?

mwanafunzi_arua:
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta hapa Arua. Python naijua, C naisoma kwa kusuasua. Kwa psutil, ile maktaba ya Python ya kusoma hali ya kompyuta, nimeandika kijiprogramu cha kuangalia betri na kumbukumbu, maana laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu na umeme wa huku mnaujua. Sasa natamani kuchangia maktaba yenyewe. Nimefungua msimbo wake nikakuta mifumo endeshi kibao: Linux, Windows, macOS, FreeBSD, hadi AIX ya IBM! Mimi nina Linux peke yake, na bando la kubana. Nitafaa?

fundi_ntinda:
Marahaba mdogo wangu. AIX waachie wenye AIX. Upande wa Linux kazi nyingi ni Python inayosoma mafaili ya /proc, folda ambamo kerneli (kiini cha mfumo) huonyesha hali ya mashine, kwa hiyo C haitakuzuia. Fungua /proc/meminfo, kisha ita psutil.virtual_memory(), ulinganishe. Thamani ya "available", yaani kumbukumbu ambayo programu zinaweza kuipata, hutoka kwenye mstari wa MemAvailable, ulioingia kwenye kerneli toleo 3.14, mwaka 2014. Mashine zenye kerneli ya zamani zaidi, inabidi kukadiria.

Halafu nenda /proc/PID/stat, PID ikiwa namba ya mchakato, yaani programu inayoendeshwa. Jina la mchakato limo ndani ya mabano, na jina lenyewe laweza kuwa na nafasi, hata mabano mengine! Ukikata mstari kwa nafasi tu, namba zote zinahama. Ndiyo maana psutil hutafuta bano la mwisho la kufunga. Mimi vitu kama hivi ndivyo hunikesha. Wenzangu hukesha na mpira.

Bando: pakua msimbo kwa git clone --depth 1, uchukue toleo la mwisho tu; historia yote ya mradi hutaihitaji.

dada_wa_seva:
Fundi, usimkimbize mtoto wa watu. Mdogo wangu, kabla ya msimbo soma hitilafu zilizoripotiwa. Chagua moja ya Linux, uone kama inatokea kwako, uandike toleo la kerneli, la Python, na ulichokiona. Hapo umeshachangia. Ila cpu_percent() ikikupa 0.0 mara ya kwanza usiripoti: inapima tangu ulipoiita mara iliyotangulia, jibu la kwanza ni la kupuuza.

mwanafunzi_arua:
Asanteni sana. Na kompyuta ya maabara isiyo na betri, sensors_battery() inarudisha None, yaani "hakuna kitu". Hiyo je?

dada_wa_seva:
Ndivyo ilivyokusudiwa. Kijiprogramu chako ndicho kiangalie None kabla ya kusoma asilimia.